Mmea wa matunda unapougua chunguni, anza na mizizi

Nililetewa mlimau uliopandwa kwenye chungu. Majani yalikuwa ya manjano, nusu yake yamepukutika, na ncha za matawi zimekauka. Mwenyewe alinieleza yote aliyoufanyia: aliumwagilia asubuhi na jioni, akautia mbolea mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kisha akauhamishia kwenye chungu kikubwa maradufu ili upate nafasi. Alifanya hayo kwa mapenzi kabisa, na kila moja lilizidisha ugonjwa.

Napokea wagonjwa wa namna hii mara kwa mara: milimau, mikomamanga, mitini, miforosadi, bluberi. Wengi wao huonyesha dalili kwenye majani, lakini kilichoharibika kipo mahali ambapo mwenye mmea hajawahi kupaangalia. Mmea wa shambani ukikosa maji husukuma mizizi chini zaidi, na ukikuta udongo mbaya huenda kutafuta mzuri. Wa chunguni hauna pa kukimbilia. Unaishi ndani ya lita chache za udongo ulizoupa wewe, na udongo huo hubadilika mwaka hadi mwaka: unashuka, unashikamana, unajaa chumvi.

Kabla ya yote, hakikisha mmea uko hai. Kwangua ganda la tawi kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, uhai upo. Ukiona kahawia kavu, shuka chini ukikwangua hapa na pale, hadi karibu na udongo. Nimewahi kuokoa mkomamanga ambao kijani chake kilibaki sentimita chache tu juu ya udongo, kwa hiyo usiutupe mmea kwa sababu ya matawi ya juu.

Kisha chomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili, na uinue chungu uone uzito wake. Hapa ndipo wengi hupotea. Majani yamelegea, mwenye mmea anaona kiu, anamwaga maji. Lakini kidole kinatoka na tope. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na udongo ukilowa muda mrefu nafasi za hewa zote hujaa maji. Mizizi inakabwa, inakufa, na vimelea vya kuozesha vinaingia. Mzizi uliokufa haunyonyi kitu, kwa hiyo majani yanalegea kwa kiu huku chungu kimejaa maji. Ukiongeza maji hapo, unaua na ile mizizi michache iliyosalia.

Upo pia ugonjwa ulio kinyume chake. Udongo wenye mboji nyingi ukikauka kabisa hujikunja na kuachana na ukuta wa chungu. Ukimwagilia, maji hupita pembeni na kutoka chini haraka, nawe unadhani umenywesha, kumbe katikati ni pakavu. Tiba yake ni rahisi: tumbukiza chungu kizima kwenye ndoo ya maji hadi mapovu yaache kutoka, kama nusu saa hivi, kisha kitoe kichuje vizuri.

Ukiwa bado huna hakika, utoe mmea. Najua watu wanaogopa hatua hii, ila hakuna kipimo kinachoishinda. Laza chungu ubavu, gonga kingo, vuta taratibu ukishika shina karibu na udongo. Mizizi yenye afya ni migumu kiasi, na ncha zake ni nyeupe au rangi ya krimu. Iliyooza ni nyeusi au kahawia, laini, ganda lake linabanduka ukiivuta kwa vidole, na mara nyingi inanuka. Kata yote iliyooza kwa mkasi safi hadi ufike penye uzima. Ukikuta mizizi imezunguka kama kamba iliyoviringishwa, ikate kwa wima sehemu tatu au nne na kuichambua kwa vidole, la sivyo itaendelea kuzunguka hata kwenye chungu kipya.

Mlimau ule ulikuwa umepoteza zaidi ya nusu ya mizizi. Niliurudisha kwenye chungu kidogo. Chungu kikubwa chenye mizizi michache ni bwawa: udongo usio na mizizi hauna wa kuunywea maji, hivyo unabaki umelowa siku nyingi. Mmea mzima unaohitaji kuhamishwa huupandisha chungu kipana kuliko cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 tu.

Na kokoto chini ya chungu, tafadhali ziache. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo zile kokoto zinapandisha tope karibu zaidi na mizizi. Kinachosaidia ni matundu yaliyo wazi na udongo wenye chengachenga: mboji iliyoiva, makumbi ya nazi, vipande vya magome ya miti au perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mwamba. Udongo mtupu wa bustani hushikamana chunguni hadi ukawa kama tofali.

Mlimau ulikuwa na ukoko mweupe juu ya udongo, na kingo za majani zimeungua. Hiyo ni chumvi ya mbolea iliyojilimbikiza, nayo huvuta maji kutoka kwenye mizizi. Mmea ambao mizizi yake bado ni mizuri, kwangua ukoko, kisha pitisha maji safi polepole, kiasi cha mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, yakitoka yote chini. Usiache yakae kwenye kisahani.

Majani ya manjano yasomwe kwa makini. Yakianza yale ya zamani, ya chini, na manjano yake ni ya jani zima, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni. Yakianza machanga ya juu, mishipa ikibaki kijani na katikati yake pakiwa manjano, mmea unakosa madini ya chuma. Kwa bluberi hili ni jambo la kila siku. Bluberi hutaka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi, kinachoshuka asidi ikizidi) ya 4.5 hadi 5.5. Ukiimwagilia maji yenye chokaa, pH inapanda kidogokidogo, na chuma kilichomo udongoni kinageuka kisichonyonyeka. Unaweza kuongeza chuma kila wiki na majani yasibadilike. Tumia maji ya mvua, na changanya salfa kidogo ukijua kwamba bakteria wa udongoni huchukua wiki nyingi, hata miezi, kuigeuza asidi. Mizizi ya bluberi haina vinyweleo na hukaa karibu na juu, kwa hiyo iwekee matandazo ya magome na usiichokonoe.

Kwa mmea wa jamii ya mlimau uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mti mwingine, angalia pia chini ya kovu la kubebeshea. Machipukizi yanayotoka hapo ni ya mti wa chini, na huzidi nguvu yale unayoyataka. Mara nyingi majani yake huwa na vipande vitatu. Yang'oe yakiwa machanga.

Baada ya kupunguza mizizi, punguza na matawi: kata makavu yote hadi kwenye kijani, kisha weka chungu kwenye mwanga usio na jua kali la mchana. Mbolea usitie. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuitumia, na chumvi yake inaiunguza. Mlimau ule niliunyima mbolea kwa wiki saba, nikimwagilia pale tu juu palipokauka hadi kifundo cha kwanza cha kidole. Wiki ya tano ulitoa machipukizi manne. Majani mapya yalipokomaa nilianza na mbolea nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kisha ukatoa maua. Mwenyewe alifurahi sana, nami nikamwomba ayachume yote. Tunda hunyang'anya mizizi chakula, na mwaka huu mlimau ule unahitaji mizizi.