Kabla Barabara Haijafika Msituni

Kabla ya Agosti 2003, gari lililotoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, Lindi au Mtwara lilivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Masika mto ukifurika pantoni ilisimama, barabara ikageuka tope, na mikoa ya kusini ikakatika na mji mkuu wa biashara. Wananchi waliumia: dawa zilichelewa, korosho zililala ghalani, mgonjwa wa rufaa aliomba Mungu tu. Miti ndiyo iliyonufaika. Mninga, mkongo, mvule na mpingo wa Rufiji na Kilwa ulibaki umesimama kwa sababu gharama ya kuutoa ilimshinda mnunuzi. Tope lilifanya kazi ya askari wa misitu, na halikudai posho.

Mwezi huo wa Agosti likafunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lenye urefu unaokaribia kilomita moja. Mbio za magogo zikaanza. Serikali ilisimamisha uvunaji na kuzuia usafirishaji wa magogo ghafi kwenda nje mwaka 2004, lakini mkondo ulikuwa umeshapata njia. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, ilikadiria kwamba taifa lilikuwa likipoteza hadi dola milioni 58 kwa mwaka kwa mazao ya misitu yasiyolipiwa ipasavyo. Takwimu za forodha za China zilionyesha mbao kutoka Tanzania zikiwa mara kumi ya zile zilizoandikwa kwenye vitabu vyetu. Na mwanakijiji ambaye gogo lilitoka nyuma ya nyumba yake aliambulia sehemu ndogo mno ya bei ya bandarini. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi, maana wengi hudhani wanakijiji ndio waliotajirika.

Sipingi barabara. Anayeipinga barabara hajawahi kumsafirisha mama mjamzito kwa baiskeli. Ninachotaka wasomaji wangu wa vijijini waelewe ni mpangilio wa mambo: barabara hutangulia, msumeno hufuata, na kijiji kinachosubiri kusikia msumeno ndipo kiitishe mkutano huwa kimechelewa.

Mwendo huo umepimwa. Watafiti waliofuatilia misitu iliyozunguka Dar es Salaam kati ya 1991 na 2005 walikuta kwamba ukataji wa miti ya mbao za thamani ulisogea kilomita 120 kutoka jijini katika miaka hiyo 14, wastani wa kilomita tisa kwa mwaka. Uchomaji mkaa ulifuata nyuma kwa mwendo wa kama kilomita mbili kwa mwaka. Kwanza hutoka miti ya bei kubwa, kisha ile ya bei ya kati, halafu linaingia tanuru na kumaliza kilichobaki. Mwenye msitu ulio mbali na lami asijidanganye kwamba umbali huo ni wa kudumu.

Kuna nchi ambazo sheria yenyewe iliamua kwamba msitu usio na barabara ubaki hivyo. Marekani ilitoa kanuni mwaka 2001 iliyozuia ujenzi wa barabara na uvunaji wa kibiashara kwenye sehemu kubwa ya ekari milioni 58.5 za misitu ya taifa, baada ya mikutano ya hadhara nchi nzima. Mwaka 2025 serikali ya huko ikatangaza nia ya kuifuta. Ulinzi uliotoka juu, juu hukohuko unaweza kuondolewa.

Sisi Tanzania hatuna kanuni ya namna hiyo, lakini tuna kitu ambacho kwa maoni yangu ni bora zaidi kwa mwananchi, na ambacho hakitumiki inavyostahili. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ikisomwa pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inakiruhusu kijiji kutenga msitu ulio ndani ya ardhi yake kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji. Ukishatengwa, kijiji ndicho meneja. Kinapanga kivune nini, wapi na kwa bei gani, hakidaiwi mrabaha wa serikali kuu kwa mazao hayo, na faini za wavunaji haramu wanaokamatwa humo hubaki kijijini. Msitu usiotengwa hauna kinga hiyo. Leseni hutolewa wilayani, na mchango wa kijiji huishia kwenye muhtasari wa kikao unaosema “hatuna pingamizi”. Muhtasari kama huo umewahi kuandikwa na watu wawili watatu bila mkutano wowote kuitishwa, na lori likaondoka kihalali kabisa.

Mfano wa mwanzo kabisa ulitoka Babati. Serikali ilipotaka kuugeuza msitu wa miombo wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake, wanavijiji waliozunguka msitu huo walikataa, wakadai waachiwe waulinde wenyewe. Kufikia 1994 walikuwa wameshapewa nafasi hiyo, sheria ya leo ikiwa haijatungwa. Waligawana maeneo, wakateua walinzi kutoka miongoni mwao, wakatunga sheria ndogo. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 ilijifunza mengi kutoka kwao.

Kilwa walikwenda hatua nyingine. Vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na MCDI, shirika la uhifadhi lenye makao yake Kilwa Masoko, vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, kikiwa cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Mti uliovuta macho ya dunia ni mpingo, ambao wachongaji wa Kimakonde wanaujua toka zamani na ambao viwanda vya Ulaya hutengenezea zumari za klarineti na obo. Baadaye vijiji vingine, Nanjirinji A kikiwemo, viliingia kwenye cheti hicho na kuuza magogo kwa bei iliyokubaliwa mkutanoni.

Watu wengi husikia “hifadhi” wakadhani ni kufunga msitu kwa kufuli. Kwa kweli vijiji hivi huvuna, ila uvunaji wake una utaratibu. Kabla ya mti kuangushwa, kamati ya maliasili huenda na mnunuzi porini. Mjumbe mmoja anazungusha utepe kwenye shina, kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua cha mtu mzima. Mti ambao haujafikisha kipenyo kilichowekwa kwa aina yake unaachwa, hata mnunuzi akiongeza dau. Ukishaangushwa, gogo linapimwa na kuandikwa daftarini, kisha linapigwa nyundo yenye alama. Alama hiyo hupigwa pia kwenye kisiki. Kisiki ndicho shahidi mkubwa: gogo litaondoka, TP (kibali cha kusafirishia mazao ya misitu) itaondoka na dereva, lakini mkaguzi akirudi baada ya miezi sita akakuta kisiki kisicho na alama ya nyundo, anajua palipita mwizi. Nimeona kamati zenye wajumbe wasiomaliza darasa la saba zikilifanya hili kwa umakini unaotutia aibu sisi wenye shahada.

Ugumu upo pia. Doria haina mshahara, na kijana atakayetembea siku nzima porini bila hata posho ya chakula atachoka. Kanuni za uvunaji za mwaka 2019 zimeongeza ngazi za idhini, na kijiji kinachotaka kuuza sasa kinahitaji uvumilivu wa makaratasi. Mipaka kati ya vijiji huzua ugomvi mara tu msitu unapoanza kuwa na thamani. Watu ambao hawakuwahi kujali kigingi kipo wapi wanaanza kukumbuka makaburi ya babu zao. Na siku hizi huko Lindi hatari kubwa wakati mwingine haitokani na msumeno: ni ufuta. Bei ya ufuta ikipanda, anayetafuta shamba jipya huchoma heka kadhaa za miombo kwa wiki moja, mpingo ukiwemo, bila kuuza gogo hata moja. Hapo mpango wa matumizi bora ya ardhi ndio unaosaidia, kwa sababu unamwonyesha mkulima shamba lilipo kabla hajawasha kiberiti.

Kwa hiyo kijiji kianze wapi? Kianze na mpaka wa kijiji uliopimwa na cheti chake, kwani bila hivyo kila kinachofuata kitapingwa. Kisha mpango wa matumizi ya ardhi unaotaja msitu kwa jina na ukubwa. Halafu kamati ichaguliwe na mkutano mkuu, wanawake wakiwemo kwa idadi ya maana, maana wao ndio wanaoingia msituni kwa kuni, uyoga na dawa, na ndio wa kwanza kuona alama za matairi. Mpango wa usimamizi na sheria ndogo hupitishwa na mkutano mkuu, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya. Afisa misitu wa wilaya ana wajibu wa kuwasaidia. Mwendeeni kwa barua, mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Kazi yote hiyo huchukua mwaka mmoja au zaidi, na barabara nayo haianguki kutoka mbinguni. Hutanguliwa na bajeti ya halmashauri, kisha wapimaji, kisha vigingi vilivyopakwa rangi kando ya njia ya miguu. Ukiviona vigingi hivyo kwenye upande wa kijiji chenu wenye msitu, mwombe mwenyekiti au mtendaji aiweke ajenda ya msitu kwenye mkutano mkuu unaofuata. Mikutano hiyo inatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mwanakijiji yeyote mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria, kuuliza na kupiga kura.