Kihatarishi cha ugonjwa: neno hili linasema nini hasa

Kihatarishi ni jambo lolote ambalo likiwapo, ugonjwa fulani huwapata watu wengi zaidi kuliko lisipokuwapo. Sigara ni kihatarishi cha saratani ya mapafu. Shinikizo la juu la damu ni kihatarishi cha kiharusi. Umri nao ni kihatarishi, tena kizito sana kwa magonjwa ya moyo, ingawa hauna dawa. Wengine husema sababu hatarishi. Maana ni ileile.

Ugumu wake ni kwamba hupimwa kwa kundi, kisha huambiwa mtu mmoja. Daktari akikwambia una vihatarishi vitatu, hajasema utaugua. Amesema kwamba kati ya watu mia wanaofanana nawe, watakaougua ni wengi kuliko katika mia nyingine. Umo ndani ya mia hiyo, ila hakuna ajuaye umekaa upande gani.

Tena si kila kihatarishi ni kisababishi. Vidole vya mvutaji wa miaka mingi hugeuka manjano, na ukihesabu utakuta wenye vidole hivyo wanaugua saratani ya mapafu kuliko wenzao. Visugue kwa ndimu mpaka ving'ae, hatari iko palepale, kwa kuwa kinachoua ni moshi. Kwa hiyo watafiti hawaridhiki kuona mambo mawili yakiandamana. Huuliza: kipi kilitangulia? Kiasi kikiongezeka, ugonjwa nao unaongezeka? Kikiondolewa, hatari inashuka? Kwa sigara, maswali haya yalijibiwa vizuri Uingereza. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa nchi hiyo kwa dodoso za posta, na kazi ikaendelea kwa miaka 50. Ilionekana kwamba madaktari wanaume waliovuta sigara walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 aliokoa kama miaka 3, aliyeacha akiwa na 50 aliokoa 6, na aliyeacha akiwa na 30 aliokoa karibu yote 10.

Watu huumizwa zaidi na namna tarakimu zinavyosemwa. Oktoba 1995 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitahadharisha kwamba vidonge vya majira vya kizazi cha tatu vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Maradufu ya nini? Kwa vidonge vilivyotangulia, tatizo hilo lilimpata mwanamke kama 1 kati ya 7,000 kwa mwaka. Kwa hivi vipya, 2 kati ya 7,000. Ongezeko ni mwanamke mmoja katika kila 7,000. Lakini habari ilipowafikia watu, lililobaki ni "mara mbili" peke yake. Wengi waliacha vidonge, na katika mwaka uliofuata utoaji mimba Uingereza na Wales unakadiriwa kuongezeka kwa takriban 13,000. Ujauzito wenyewe, ambao vidonge vile vilikuwa vikiuzuia, hugandisha damu kuliko vidonge hivyo.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya hatari linganishi na hatari halisi. Hatari linganishi husema imeongezeka mara ngapi au kwa asilimia ngapi. Hatari halisi husema kutoka wangapi hadi wangapi. Ukipewa ya kwanza bila ya pili, hujaambiwa kitu cha kukusaidia kuamua. Uliza daima: kutoka ngapi hadi ngapi, na ndani ya muda gani?

Jaribu hesabu hiyo kwa soseji. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyoko Lyon, Ufaransa, iliziweka nyama za kusindikwa katika kundi moja na tumbaku. Vichwa vya habari vikapiga kelele kwamba soseji ni sawa na sigara. Kundi lile hupima uthabiti wa ushahidi tu. Ukubwa wa madhara haupimwi hapo. Gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Tuseme katika jamii fulani watu 6 kati ya 100 huipata maishani: asilimia 18 ya 6 ni kama 1, basi wanakuwa 7. Fanya hesabu kama hiyo kwa mvutaji wa sigara na saratani ya mapafu, uone pengo lilivyo.

Kwa moyo na kiharusi, madaktari wa Ulaya hutumia kikokotoo kiitwacho SCORE2, kilichotolewa mwaka 2021. Huingizwa umri, jinsia, uvutaji sigara, shinikizo la damu (namba ile ya juu) na kolesteroli (mafuta ya damuni) ukiondoa ile iitwayo nzuri, kisha hutoa asilimia ya hatari ya miaka 10 kwa mtu wa miaka 40 hadi 69. Katika mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021, kwa aliye chini ya 50, asilimia 7.5 ilihesabiwa tayari kuwa hatari kubwa sana. Kwa wa 50 hadi 69 mpaka huo ulikuwa asilimia 10. Nchi zimegawanywa makundi manne, hivyo mtu wa Hispania na wa Romania wenye vipimo vilevile hupata majibu tofauti. Usikichukue kikokotoo hicho ukajipimia Mombasa au Dodoma: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 majedwali ya kanda 21, Afrika Mashariki ikiwemo, na toleo moja halihitaji hata maabara.

SCORE2 pia haiwafai waliokwisha kuugua moyo, wala wenye kolesteroli ya juu ya kurithi. Hawa wa mwisho ni takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 300. Mishipa yao huchafuka tangu utotoni, na kikokotoo kingewatuliza bure. Hapa ndipo asasi za wagonjwa zinapokuwa na kazi isiyofanywa na mwingine. FH Europe huunganisha vyama vya familia zenye tatizo hilo na kudai watoto wapimwe mapema. Kwa upana zaidi lipo Jukwaa la Wagonjwa la Ulaya, lililoanzishwa mwaka 2003, na EURORDIS ya magonjwa adimu, ya mwaka 1997. Wawakilishi wa wagonjwa hukaa kama wajumbe kamili kwenye kamati ya dawa za magonjwa adimu ya Umoja wa Ulaya. Nyingi za asasi hizi hupokea fedha za kampuni za dawa, kwa hiyo soma ukurasa wao wa wafadhili kabla ya kuamini "mara mbili" yao.

Slovenia ilianza mwaka 1995 kupima kolesteroli ya watoto wa umri wa miaka 5 hivi. Mtoto akizidi milimoli 6 kwa lita, au 5 ikiwa katika ukoo wake wapo waliougua moyo mapema, hupelekwa kwa bingwa na kupimwa jeni. Akikutwa na kolesteroli hiyo ya kurithi, wazazi na ndugu zake wa tumbo moja huitwa, kwa kuwa kila mmoja wa ndugu hao ana nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na mzazi mmoja kwa kawaida anayo bila kujua.