Mchapaji si mchapishaji

Wiki hii tena nimemsikia mwandishi, kwenye uzinduzi wa kitabu chake, akimshukuru "mchapishaji wangu", kumbe anamtaja mwenye mashine aliyemlipa kwa nakala mia tano. Huyo ni mchapaji, au ukipenda, mpigachapa.

Mchapaji hutia wino na kugandamiza karatasi. Mchapishaji hupokea mswada, hutoa mtaji na hubeba hasara kitabu kisiponunuliwa.

Kinachowachanganya watu ni mzizi. Chapa tumeipata kutoka Kihindi, chhap, yaani muhuri au alama ya kugandamizwa. Ndiyo maana hata ng'ombe hupigwa chapa. Kuchapisha ni kufanya kitu kichapwe, kama kusomesha ni kufanya mtu asome. Baba anayesomesha watoto watatu hakai darasani, na hakuna anayemwita mwanafunzi. Kiambishi kile kimoja, -ish-, ndicho kinachomtenga mwenye mtaji na mwenye mashine, nasi tunakimeza kila siku.

Wa tatu hatajwi kabisa: msanifu wa kitabu. Yeye ndiye huamua upana wa pambizo, aina ya herufi, nafasi baina ya mistari. Ukisoma kurasa mia macho yasichoke, jua kuna aliyezihangaikia, na huniuma kukuta jina lake halipo popote.

William Morris wa Uingereza alizishika kazi mbili kwa pamoja, usanifu na uchapaji. Mwaka 1891 alianzisha kiwanda cha uchapaji, Kelmscott Press, huko Hammersmith, London. Alisanifu herufi zake mwenyewe. Zikasubuliwa kwa madini, kila moja imegeuka kama ionekanavyo kwenye kioo, zikapangwa kwa mkono, zikapakwa wino, zikagandamizwa kwenye karatasi. Kitabu chake cha kazi za Chaucer, cha 1896, kilitoka nakala 425 za karatasi na 13 za ngozi. Hata hivyo kitabu cha kwanza cha kiwanda hicho kilitolewa sokoni na mchapishaji mwingine, Reeves & Turner. Naye Jan Tschichold, aliyesanifu vitabu vya Penguin, kampuni ya uchapishaji ya Uingereza, kuanzia 1947 hadi 1949, hakuwa na mashine pale wala mtaji. Kazi yake ilikuwa usanifu tu.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, kama mswada ni wako, fedha ni zako na maboksi ya vitabu yako chumbani kwako, mshukuru mchapaji kwa kazi nzuri. Mchapishaji ni wewe.