Kupoteza kumbukumbu si kusahau jina lako

Kwenye filamu, mtu akipigwa kichwani huamka hajui jina lake wala mama yake. Akipigwa tena, yote yanarudi. Wengi wameamini hivyo kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba pigo la pili huongeza madhara tu. Na mara nyingi kinachoathirika zaidi ni uwezo wa kuhifadhi mambo mapya, wala si utambulisho wa mtu.

Mfikirie Henry Molaison wa Marekani. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa kutuliza kifafa kikali. Daktari William Scoville aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ubongo linalosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya, pande zote mbili za ubongo. Jina lake Henry alilijua, na utoto wake aliukumbuka. Lakini aliyezungumza naye akitoka na kurudi baada ya dakika chache, kwake alikuwa mgeni.

Kinachonigusa zaidi ni hiki: mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota akiutazama kwenye kioo cha kujitazamia. Siku hadi siku makosa yalipungua, ingawa Henry hakukumbuka kuwahi kuifanya. Mkono ulikuwa umejifunza.