Anakoroma, lakini hajalala: maswali kuhusu tramadoli

Mimi ni mwuguzi wa zamu ya usiku hapa Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Maswali haya kuhusu tramadoli, dawa kali ya maumivu, naulizwa na wazazi, wamotari na wabebaji mizigo wa sokoni, mara nyingi mgonjwa akiwa tayari mlangoni.

Tramadoli inafanya nini kichwani?

Ubongo una dawa yake wenyewe ya maumivu. Ukijikata kisu, dawa hiyo inatoka na kushika kwenye vipokezi, kama ufunguo katika kufuli. Vipokezi hivyo vilithibitishwa mwaka 1973, na dawa ya mwili, enkefalini, ikapatikana 1975. Mofini, kodeini na heroini zinafungua kufuli zilezile. Tramadoli pia, hasa baada ya ini kuibadilisha. Kipokezi kinachotuhusu zaidi kinaitwa myu. Kipo kwenye njia ya maumivu, kipo panapozaliwa raha, kipo tumboni (ndiyo maana choo kinakuwa kigumu), na kipo kwenye shina la ubongo, panapotoka amri ya kupumua. Shika hapo pa mwisho.

Kijana wangu amemeza kinini (vidonge) nyingi za tramadoli, sasa amelala anakoroma. Nimwache mpaka dawa iishe?

Hapana.

Hata kama anakoroma vizuri tu?

Hapana, mama. Hakuna kukoroma vizuri hapo. Ulimi umelegea, unaziba koo, na hewa inapita kwa shida. Ubongo umesahau kupumua na yeye hawezi kuukumbusha. Aliyelala ukimwita anageuka, anakutukana, anavuta blanketi. Huyu umsugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi na bado haamki: huyo hajalala.

Kijana mmoja aliletwa asubuhi kwa moto (pikipiki), amebanwa katikati ya wenzake wawili. Walimwacha "apumzike" tangu saa nne za usiku. Nilishika saa nikahesabu pumzi: nne kwa dakika, wakati mtu mzima huvuta kumi na mbili au zaidi. Ndani ya midomo palikuwa pa kijivu, na shati lote lilinuka maziwa.

Kwani maziwa hayasaidii? Au mafuta ya mawese?

Hayasaidii, wala limau, wala ndoo ya maji baridi. Asiyeamka hamezi, mnachomtia mdomoni kinashuka kwenye mapafu. Wengine wanafika kwetu na matatizo mawili: kinini, na maziwa ya jirani.

Tufanye nini basi?

Mlazeni ubavu, kichwa kimeinama kidogo nyuma ili koo lifunguke. Mmoja abaki naye akihesabu pumzi, mwingine atafute gari. Akiacha kupumua, mlazeni chali, mzibeni pua, mpulizieni mdomoni, pumzi moja kila sekunde tano, bila kuacha mpaka mfike. Msingoje kuche. Msingoje baba arudi.

Ameanguka akitetemeka kama mwenye kifafa. Tumpeleke chumba cha maombi?

Mpelekeni hospitali, maombi mtayafanya njiani. Tramadoli haishii kwenye kipokezi cha myu. Inaongeza pia serotonini na noradrenalini, kemikali nyingine za ubongo, na inaweza kuleta degedege kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Mwenye kifafa tayari asiiguse bila daktari kujua. Na hicho kijiko mnachomtia katikati ya meno, kiacheni jikoni.

Alidungwa sindano, akaamka akataka kurudi nyumbani. Kwa nini mnamkatalia?

Ile ni naloksoni. Inaisukuma dawa itoke kwenye kipokezi, inakaa mahali pake, lakini haikai sana: nusu saa, labda saa moja na nusu. Tramadoli inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Naloksoni ikiisha, kukoroma kunaweza kuanza upya, na safari hii yuko nyumbani, na nyie mnasema tena "mwacheni alale". Hapana!

Mimi nabeba magunia, nimezoea. Itanifanya nini?

Umezoea raha, ndugu. Vipokezi vimechoka, vinataka nyingi zaidi ili uhisi kilekile, ila kupumua hakuzoei kwa kasi hiyo. Kwa kawaida daktari havuki miligramu 400 kwa siku. Ukishushia na kanyanga, ile pombe kali, au diazepamu, dawa ya kutuliza, hata chini ya hapo ni hatari. Hatari nyingine ni kwa aliyeacha wiki chache, akarudi na hesabu yake ya zamani: mwili umeshasahau, mkono haujasahau. Ukitaka kuacha, njoo tupunguze pole pole. Jasho, kuhara na kukosa usingizi vinatibika, na mahali pengine kuna metadoni, inayokalia kipokezi kilekile kwa utulivu.

(Mgonjwa wa saratani aliyeandikiwa mofini asisome haya akatupa dawa yake. Anaihitaji, kwa kipimo alichopewa.)

Tunaogopa mtatuitia polisi.

Mimi sina haja ya kujua kinini ilinunuliwa wapi. Nataka kujua amemeza nini, ngapi, saa ngapi, na kama kulikuwa na pombe. Leteni ile plaketi ya dawa, hata ikiwa tupu. Ilikuwa mfukoni mwa kijana yule wa maziwa. Tuliipata tukimvua suruali, saa nzima baadaye.