Kubadili seti ya wino kwenye mashine ya kidijitali ya lebo: rangi isubiri

Ninapoitwa kusimamia ubadilishaji wa wino kwenye mashine ya kidijitali ya kuchapa lebo, swali la kwanza huwa ni la rangi: je, nyekundu ya mteja fulani itabaki ile ile? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa hakuna mwenye bidhaa anayekubali chupa mbili za kitu kimoja zipangwe rafuni zikiwa na nyekundu mbili. Hata hivyo, mimi huomba lisubiri. Profaili ya rangi, yaani faili linaloieleza kompyuta jinsi mashine inavyotoa rangi, hurekodi hali ya mashine ilivyokuwa siku ilipopimwa, na ikiwa wino mpya haujatulia ndani ya mirija, au matone hayajapata ukubwa wake wa kudumu, au taa za kukaushia bado zinarekebishwa, basi profaili hiyo itaeleza mashine ambayo baada ya siku chache haitakuwepo tena. Ninachoandika hapa kinahusu mashine zinazorusha matone ya wino wa UV, yaani wino unaokaushwa kwa mionzi ya urujuanimno.

Mara nyingi si mchapaji anayeamua kubadili. Ni mtengenezaji wa wino aliyelazimika kubadili mchanganyiko wake. Mfano ulio karibu ni TPO, kemikali ambayo ikipigwa na mwanga huanzisha mwitikio wa kuugeuza wino kutoka kimiminika kuwa utando mgumu. Ilipendwa sana kwa sababu hufyonza mwanga wa taa za LED vizuri na haiachi umanjano, hivyo ikafaa hata kwenye wino mweupe. Mwezi Juni 2023 Wakala wa Kemikali wa Ulaya uliiingiza kwenye orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa kutokana na madhara yake kwa uzazi, na kuanzia hapo shinikizo la kuiondoa kwenye wino likaongezeka. Kabla ya hapo, mwaka 2005, kemikali nyingine ya kundi hilo, ITX, ilikutwa nchini Italia kwenye maziwa ya watoto wachanga, ingawa wino ulikuwa umechapwa upande wa nje wa paketi. Njia iliyopitia inatuhusu moja kwa moja sisi wa lebo: kitu kilichochapwa kikikunjwa kwenye roli, uso wenye wino hugusana na mgongo wa tabaka linalofuata, na masalia ya kemikali huhamia huko.

Kabla ya tone moja la wino wa zamani kutolewa, lipo jambo moja la rangi ambalo kweli hutangulia, nalo ni kuchapa kumbukumbu. Ninachapa chati ya kupimia kwa kila aina ya karatasi na plastiki inayotumika mara kwa mara, pamoja na kazi halisi za wateja wakubwa, kisha ninazipima na kuzifungia gizani. Wino wa zamani ukishamwagwa, hakuna namna ya kupata sampuli hizo tena.

Kazi inayofuata ni ya chupa na joto. Ninachanganya wino wa zamani na mpya kwa viwango tofauti, kuanzia tone dogo la mmoja ndani ya mwingine hadi nusu kwa nusu, nafunga chupa zisizopitisha mwanga, naziacha mahali penye joto kwa siku kadhaa, kisha napitisha kila mchanganyiko kwenye chujio laini. Kikibaki kitu kama ute au punje, wino hizo mbili hazipaswi kukutana ndani ya mashine hata kwa kiasi kidogo. Hatari ni kubwa zaidi pale wino mmoja unapokauka kwa njia ya radikali huru (vipande vya molekuli vyenye hamu kubwa ya kuungana) na mwingine kwa njia ya asidi, kwa sababu amini, kemikali zenye tabia ya besi, zilizomo katika baadhi ya wino za kundi la kwanza huua asidi ambayo kundi la pili linaitegemea. Lakini hata wino mbili za kundi moja zinaweza kugombana, kwa vile kemikali zinazoshikilia punje za rangi zisizame hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Kichwa cha kuchapia, yaani kifaa chenye matundu madogo yanayorusha matone, kikiziba kwa ute wa namna hiyo, mara nyingi hakisafishiki, hununuliwa kingine.

Katika kusafisha mfumo, mirija mikubwa haisumbui. Wino wa zamani hujificha kwenye machujio, kwenye vyumba vidogo vya kutulizia shinikizo, kwenye kifaa cha kuondolea hewa na kwenye kila kona ambayo mkondo hauipiti. Machujio yote hubadilishwa, hayasafishwi. Kiosheo kiwe kile alichokiidhinisha mtengenezaji wa wino mpya, kwa sababu viyeyushi vya kawaida huweza kuvimbisha mipira ya kuzibia na kula gundi iliyomo ndani ya kichwa. Kisha kiosheo chenyewe nacho ni uchafu: kikibaki hupunguza mnato na kuufanya wino usikauke sawasawa, kwa hiyo wino mpya wa mwanzo hupitishwa na kutupwa pamoja na taka za kemikali, hata kama bei yake inauma. Anayefanya kazi hii avae glovu za nitraili na miwani, kwa kuwa akrilati, kemikali zinazounda sehemu kubwa ya wino wa UV, zikizoea kugusa ngozi huleta mzio ambao mtu hubaki nao maisha yake yote.

Sasa wino urushwe. Vichwa vingi vya aina hii hufanya kazi vizuri wino ukiwa na mnato wa karibu milipaskali-sekunde 10, na ndiyo maana hupashwa joto hadi nyuzi 40 na kitu. Wino mpya huja na joto lake, volti yake na umbo lake la wimbi la umeme unaosukuma tone, na mipangilio ya zamani haifai kuhamishwa kwa matumaini. Volti ikiwa ndogo, tone husafiri polepole na kutua pembeni kwa sababu roli imeshasogea. Ikizidi, tone huvuta mkia unaokatika kuwa vitone vidogo, na maandishi madogo hupata ukungu pembezoni. Ninapima kwa kasi ndogo na kubwa, na ninapima tena baada ya mashine kusimama kwa muda, kwa sababu matundu mengi huacha kurusha wakati wa kuanza upya kuliko wakati wa kukimbia. Wino mweupe nautenga na nyingine katika kupima. Punje zake za titani dioksidi ni nzito na huzama, hivyo mzunguko wake lazima uendelee hata mashine ikilala.

Hatua ninayoipa muda mwingi kuliko zote ni ukaukaji na mshikamano. Wino mpya unaweza kuonekana mkavu kabisa kwa kidole huku chini yake, mahali unapogusana na plastiki, ukiwa bado mbichi. Nyeusi na nyeupe huficha hali hii zaidi kwa kuwa huzuia mwanga usifike chini. Juu nako oksijeni ya hewani huvuruga mwitikio, na taa za LED zenye mwanga wa nanomita 395 hulihisi tatizo hilo kuliko taa za zebaki, ambazo hutoa pia mawimbi mafupi yanayokaza uso. Nabandika utepe wa gundi na kuung'oa mara tu baada ya kuchapa, kisha narudia baada ya saa 24. Plastiki za polipropilini na polithilini huhitaji kupigwa korona, yaani cheche za umeme juu ya uso wake, ili nishati ya uso wake izidi mvutano wa uso wa wino, na roli iliyokaa ghalani muda mrefu hupoteza nguvu hiyo. Kuongeza mwanga bila kipimo si suluhisho: utando uliokazwa kupita kiasi hupasuka mteja anapobonyeza chupa laini. Vilevile najaribu kila kinachokuja juu ya wino, yaani vanishi, utando wa kinga, karatasi ya dhahabu na tarehe zinazoongezwa baadaye kwa ribuni, kwa kuwa viongezo vya silikoni katika wino mpya huweza kuvikataa vyote hivyo.

Ni hapa ndipo rangi inapoingia, na kwa kuwa yote yaliyotangulia yametulia, kazi yake huwa fupi: kunyoosha mkunjo wa kila rangi ili ikolee hatua kwa hatua bila kuruka, kuweka kikomo cha wino kwa kila aina ya lebo, kutengeneza profaili mpya na kujenga upya jedwali la rangi maalumu. Sampuli za kumbukumbu hupimwa kwa hali ile ile ya kipimo, kwani karatasi zenye viangazo, kemikali za kuifanya ionekane nyeupe zaidi, hutoa namba tofauti chini ya M0 na M1, ambazo ni hali mbili za mwanga wa kifaa cha kupimia. Majenta mpya ikiwa na punje za kemia nyingine, rangi mbili zinaweza kulingana mezani na kutengana chini ya taa za duka. Mteja aonyeshwe hilo mapema, kwa lebo mkononi.

Msimbopau nao upimwe upya kwa kipimo cha ISO/IEC 15416, maana tone likitanuka zaidi mistari hunenepa. Lebo za madumu ya kemikali yanayosafirishwa baharini zina sharti zito zaidi: kiwango cha BS 5609 huthibitisha lebo pamoja na wino na mashine iliyoichapa, si karatasi peke yake. Kuzamishwa baharini kwa miezi mitatu ni kipimo cha karatasi na gundi, na hicho hakirudiwi kama karatasi haijabadilika; lakini sehemu inayohusu chapa huanza upya mara wino unapobadilika. Kwa hiyo sampuli hupelekwa maabara mapema, na hadi majibu yatoke lebo hizo huchapwa kwenye mashine nyingine yenye cheti, au huwa zimechapwa za kutosha kabla wino wa zamani haujaondolewa.