Shokomzoba za bagi: tunayoambiana gereji na ukweli wake

Watu wanaojiundia bagi, yaani magari mepesi ya kukimbizia kwenye njia mbovu, Nairobi, vipuri wakisaka Grogan na chuma Industrial Area, huachiana maarifa mengi ya maana. Mengine, hata hivyo, huvunja gari na kuumiza watu.

"Shokomzoba ndiyo hubeba gari." Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Shokomzoba huzuia springi isirukeruke: pistoni husukuma oili ipenye kwenye vitundu na washa (vibati vya duara) nyembamba, mtikiso ukageuka joto. Bagi ikilala chini, tazama springi. Ikidundadunda baada ya tuta, hapo fungua shokomzoba, lakini kama ni ya gesi, utoe gesi yote kwanza.

"Oili ni oili." Shokomzoba nyingi hutaka oili nyepesi, kama 5W (namba ikiwa ndogo, oili ni nyepesi). Ile ya injini ya 20W-50 ni nzito mno: asubuhi ya baridi kule Ngong gari linakuwa gumu kama ubao, na mbio zikikolea oili inapata moto, inalegea na kufanya povu. Ukishajaza, pandisha na ushushe pistoni polepole mpaka vipovu viishe.

"Upepo wa petroli stesheni unatosha." Shokomzoba za gesi hujazwa naitrojeni kavu, mara nyingi kwa presha ya psi 150 hadi 200. Ni kweli hewa ya kawaida ni naitrojeni asilimia 78, ila ina unyevu unaoleta kutu na kupandisha presha joto likizidi, tena ina oksijeni inayochakaza oili. Na tafadhali, fundi akitaka kukujazia kwa mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, mkataze. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inaweza kulipuka.

"Weka sili mpya, itaacha kuvuja." Sili ni mpira unaozuia oili isitoke pale shafti inapoingia. Pitisha ukucha kwenye shafti. Ukikwama, hata sili mpya italiwa na mkwaruzo huo. Shafti ikiwa laini, osha vumbi jekundu lote, zungushia utepe wa plastiki kwenye uzi wa skrubu ulio kwenye ncha, paka oili, ndipo upitishe sili. Uzi mtupu hukata mdomo wa mpira na hutaona mpaka uanze kuvuja tena.

"Welding nene ndiyo imara." Inaweza kuvimba juu na ndani haijashika. Unganisha vipande viwili vya mabaki, vikate kwa msumeno katikati ya mshono, utazame kama chuma kimeyeyukiana. Bomba la maji nalo lisiwe kinga ya kichwa chako gari likipinduka. Halikuundwa kwa kazi hiyo. Zinki iliyopakwa juu yake ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka saa chache baadaye.

"Maziwa husafisha kifua cha welda." Maziwa huenda tumboni, moshi uko mapafuni. Kwangua zinki, fanyia kazi penye upepo, vaa barakoa ya kuchuja moshi wa chuma. Miwani ya jua pia haiokoi macho: tafuta kofia ya welda yenye kioo cha namba 10 au zaidi.